Kanisa, muheme na soko la injili: Nani mwenye ngoma ya Ugogo?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MJADALA kuhusu muziki wa injili nchini umekuwa ukirudia hoja ile ile kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Inadaiwa kwamba waimbaji wamevuka mpaka, kwamba wanacheza kama wanenguaji wa bendi za dansi, wanavaa kama wasanii wa bongofleva na wanataka malipo ya awali kabla ya kupanda jukwaani. Viongozi wa dini huonya, waimbaji hujitetea kwa mfano wa Mfalme Daudi aliyecheza mbele ya Sanduku la Agano, na mashabiki huendelea kununua. Zamani walinunua kanda, wakaja kununua CD, na leo wananunua vifurushi vya intaneti.

Katika kelele zote hizo ni nadra kumsikia mtu akiuliza mpaka huo ulichorwa na nani, na ulipita wapi hasa. Dodoma ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Hapa ndipo alipotokea mwimbaji wa injili aliyefika mbali kibiashara kuliko karibu wote waliomtangulia katika Afrika Mashariki. Hapa pia ndipo kanisa lilipoipiga marufuku ngoma, likaikataa kwa vizazi viwili, kisha likairudisha madhabahuni kimyakimya bila kumweleza mtu yeyote kwa nini ilikuwa imefukuzwa.

Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakati safari yao kubwa ikiwa ni ya kwenda Buganda, na tangu mwaka 1878 kituo hicho kikawa cha kudumu. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers aliyetoka Australia. Wakatoliki nao walijenga misheni yao Bihawana, nje kidogo ya mji, na Dodoma ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Kwa upande wa Waanglikana, waliokuja huku walikuwa watu wa mrengo wa kiinjili, wenye kupenda mahubiri, Biblia na wimbo wa kitabuni, na wenye mashaka makubwa na kila kilichofanana na tambiko.

Kwa hiyo Mgogo aliyebatizwa alipewa fungu moja la kukataa: pombe ya mtama, ngoma, jando, waganga, vyote pamoja. Alipoingia kanisani alikuta wimbo wa Kiingereza uliotafsiriwa, wenye sauti nne, unaoimbwa watu wakiwa wamesimama wima kama askari wa gwaride. Kinanda hakikuulizwa kimetoka katika ibada gani au katika ukumbi gani wa starehe huko Ulaya. Kilipokewa kama chombo cha kanisa. Ngoma ndiyo iliyofikishwa mahakamani.

Hali hiyo ilizidishwa na uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi nyanda za kati. Waliookoka waliungama hadharani, wakaacha pombe na dansi, wakasalimiana kwa kuimba Tukutendereza, pambio la Kiganda, hata katika vijiji ambavyo hakuna aliyejua Kiganda. Festo Kivengere, mwalimu kijana kutoka Uganda ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu wa Kigezi, alifundisha katika shule ya Alliance hapa Dodoma enzi hizo. Shule hiyo ndiyo iliyoitwa baadaye Mazengo, kwa jina la mtemi wa Wagogo, na tangu mwaka 2007 majengo yake ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Ni vema kuliangalia jambo hilo kwa makini. Uamsho ulijiona ni adui wa utamaduni wa mitaani, lakini wenyewe ulikuwa utamaduni wa mitaani kweli kweli. Ulienezwa na walei, si na maaskofu. Uliimbwa sokoni na ndani ya mabasi. Ulikuwa na lugha yake, salamu zake na namna yake ya kuvaa. Mtu aliweza kuacha ngoma ya kijijini na bado akabaki na wimbo mmoja unaojulikana na watu kutoka Kigali hadi Dodoma.

Sasa tuitazame ngoma yenyewe iliyokuwa imekataliwa. Wagogo wana nindo, msunyunho na cipande, wana zeze na marimba, lakini ile inayomshangaza mgeni zaidi ni muheme. Wapigaji ni wanawake. Mwanamke hubana ngoma katikati ya mapaja, akiwa amesimama, akapiga kwa mikono miwili huku mabega na shingo vikifuata mapigo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kupiga ngoma ni kazi ya wanaume na wanawake hucheza tu. Katika Ugogo chombo kikuu cha sherehe kimo mikononi mwa kina mama. Uimbaji nao una mpangilio wake wa sauti. Wataalamu wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo hufuata sauti zinazojitokeza zenyewe katika uzi wa zeze, na kwamba waimbaji hupishana kwa nafasi ambazo haziingii vizuri katika ngazi ya kinanda. Kwa maneno mengine, Wagogo walikuwa wakiimba kwa sauti kadhaa zilizopangika kabla mwalimu yeyote wa kwaya hajawaandikia do, re, mi ubaoni.

Lakini ukweli mwingine lazima usemwe, na hapa ndipo watetezi wa mila huwa wanapenda kupita haraka. Muheme iliambatana na unyago wa wasichana, na unyago huo ulikuwa na ukeketaji ndani yake. Mmisionari aliyeisikia ngoma ile usiku alikuwa na sababu ya kuiogopa. Kosa lake halikuwa kuukataa wembe. Alishindwa kuutenganisha wembe na ngoma.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya UMCA alilichukua jando, akaliwekea sala na mapadre, akaondoa aliyoyaona hayafai na kuacha yaliyobaki. Alilaumiwa sana na wenzake, na hata leo wanahistoria wanabishana kama alifanikiwa. Lakini angalau alikaa na wazee akajadili kipi ni kipi. Katika Ugogo mjadala wa aina hiyo haukupewa nafasi. Mila ilikatazwa kama gunia lililofungwa, na kwa sababu gunia halikufunguliwa, kilichokuwa ndani kilijificha.

Matokeo yake tunayafahamu kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, nafasi ya pili baada ya Manyara, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Hayo ni baada ya karibu miaka 140 ya kuhubiriwa Injili, na miaka 17 baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliyofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai lenye kifungo kisichopungua miaka mitano. Watafiti wa miaka ya 1990 waliandika pia juu ya imani ya lawalawa katika mikoa ya Dodoma na Singida, yaani maradhi ya kawaida ya njia ya mkojo kwa watoto wa kike yaliyogeuzwa kuwa laana inayotibiwa kwa kukeketa. Kwa njia hiyo umri wa kukeketwa ukashuka, na jambo lililofanywa mchana kwa ngoma likafanywa usiku bila ngoma, kwa mtoto asiyeweza hata kusema.

Ndiyo kusema ngoma ilinyamaza kabla ya wembe. Utafiti wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa ukiwa umeshuka sana, na hiyo ni habari njema isiyo na ubishi. Walioshiriki katika kazi hiyo ni wengi, makanisa yakiwamo. Lakini haitakuwa haki kusema kwamba marufuku ya ngoma ndiyo iliyoleta matunda hayo.

Wakati huo huo muheme ilikuwa imerudi, na safari hii kanisani. Leo ibada ya Kianglikana kijijini katika Ugogo bila kina mama wenye ngoma mapajani ingeonekana pungufu. Mtaalamu wa muziki Dk. Kedmon Mapana, mzaliwa wa huku aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye mwaka 2023 alishika ukatibu mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), alichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya jinsi uchezaji wa muheme ulivyobadilika. Miaka miwili baadaye alianzisha tamasha la muziki wa Wagogo wilayani Chamwino ambalo limewakusanya wacheza ngoma wa vijiji vingi. Ngoma iliyokuwa ya usiku wa unyago sasa inapigwa mchana kweupe, mbele ya wanaume na watoto, kwa maneno ya Biblia.

Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa kwa tamko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya Desemba 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe. Mwaka huo huo padre wa Kitanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha Uswisi kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwaka huo huo Mgogo wa Dodoma, Mathias Mnyampala, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu.

Huyu Mnyampala anastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu kisa chake kinaumbua hoja nyingi za leo. Alizaliwa mwaka 1917, akawa Mkatoliki, akafanya kazi ya uhakimu, akaandika historia na desturi za watu wake mwaka 1954. Alipotaka kuisimulia Injili kwa Waswahili hakuchagua tenzi za kizungu zilizotafsiriwa. Alichagua utenzi, bahari ya ushairi iliyolelewa na masheikh wa Pate, Lamu na Mombasa kusimulia vita vya Mtume na mawaidha ya Kiislamu. Hakuna aliyemwambia kwamba mizani ile ni ya dini nyingine. Baadaye, akiwa katika chama cha UKUTA, ndiye aliyeanzisha ngonjera, ambazo baada ya Azimio la Arusha zilisomwa katika kila shule na kila sherehe ya taifa hata zikachosha watu. Alifariki dunia mwaka 1969. Kama chombo cha sanaa kinabeba dini ya waliokiunda milele, basi Utenzi wa Enjili Takatifu usingeweza kuandikwa. Uliandikwa, na hakuna aliyesilimu kwa kuusoma.

Tukija katika zama zetu, hoja inahama kutoka ngoma kwenda kwenye fedha.

Rose Muhando alizaliwa Dumila wilayani Kilosa katika familia ya Kiislamu, na amekuwa akisimulia mwenyewe kwamba alimwona Yesu katika maono akiwa mtoto mgonjwa kitandani. Alianza muziki kama mwalimu wa Kwaya ya Mtakatifu Maria ya Kanisa la Anglikana Chimuli, hapa Dodoma. Tarehe 31 Januari 2005 alizoa tuzo tatu za muziki wa injili za mwaka 2004: mtunzi bora, mwimbaji bora na albamu bora. Februari 2011 akasaini mkataba na Sony Music, kampuni ambayo hadi hapo haikuwa na desturi ya kutafuta waimbaji katika kwaya za parokia za Tanzania.

Aliyewahi kumwona jukwaani hahitaji kuelezwa. Sauti ni ya mikwaruzo na ya kuamrisha, mwili wote hutumika, na wachezaji wake hupanga mistari kama kikosi. Wakosoaji walisema hiyo ni disko. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, waliokulia Dodoma waliona kitu kingine: mwanamke anayeongoza mapigo, mabega yanayotikisika, wimbo wa kuita na kuitikiwa. Yaani ile nguvu ya kina mama wa muheme, ikiwa imefungwa katika gitaa la sebene na kinanda cha umeme. Waliomshutumu kuleta mambo ya dunia kanisani walisahau kwamba kanisa lenyewe ndilo lililomfundisha kuongoza wimbo.

Kilichokosekana ni cha kumlinda. Kwaya ya parokia ina mchungaji, ina mwenyekiti, ina mweka hazina na ina mazoezi ya jioni baada ya kazi. Ikirekodi kanda, fedha hununua vyombo au mabati ya kanisa. Mwimbaji anayetoka humo kuingia sokoni huacha ulinzi wote huo nyuma. Huko hukutana na waandaaji wa matamasha, wasambazaji wa Kariakoo na mameneja, na kwa miaka mingi alikutana pia na wauzaji wa kanda za kunakili, ambao hata stempu za kodi zilizoanza kubandikwa mwaka 2013 hazikuwamaliza. Tamasha la Pasaka, lililoandaliwa na Msama Promotions na kuzungushwa mikoani, lilionyesha kwamba injili inaweza kujaza uwanja wa mpira. Namna mwimbaji atakavyozeeka ni suala ambalo soko hilo halikuhusika nalo.

Novemba 2018 picha za video zilisambaa zikimwonyesha Muhando akiombewa na Mchungaji James Ng'ang'a katika kanisa la Neno Evangelism jijini Nairobi, akigaagaa sakafuni mbele ya kamera. Afrika Mashariki nzima iliitazama video ile katika simu. Wengine walilia, wengine walicheka, wengi walijadili kama ni mapepo, ugonjwa au maigizo. Swali la heshima ya mgonjwa lilichelewa kuulizwa, kama liliulizwa. Mwaka uliofuata alirudi kazini na kutoa wimbo pamoja na mwimbaji wa Kenya, Ringtone, na ameendelea kuimba. Lakini kwa siku kadhaa mtu aliyelelewa na kwaya ya Chimuli alikuwa burudani ya bure kwa mamilioni ya watu, na burudani hiyo ilirekodiwa ndani ya nyumba ya ibada. Anayetaka kujua ni wapi imani inapogeuzwa kuwa bidhaa ya starehe ana ushahidi zaidi hapo kuliko katika mitindo ya kucheza.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake. Inazitaja pia sanaa za jadi, na kutaka kibali cha mamlaka husika pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Kwa maandishi, basi, mapigo ya muheme yana ulinzi. Kwa vitendo, ni vigumu kumfikiria mtayarishaji wa muziki mwenye kompyuta yake katika chumba kimoja pale Area C akifunga studio kwenda kuomba kibali cha mapigo aliyoyasikia kwa bibi yake.

Nje ya nchi, sauti hiyo imekwisha kupata bei. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, alirekodi na Real World ya Uingereza na kuipeleka sauti ya Ugogo katika majukwaa makubwa ya dunia. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa albamu ya Zawose Queens, yaani Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, na sasa wametunga na kuongoza wenyewe. Hao hawakupitia kanisani. Lakini wanawake wenzao wa Chamwino, Mvumi na Kongwa, wanaopiga ngoma hizo hizo kila Jumapili, hawajalipwa hata shilingi, na wengi hawatarajii.

Wapo watakaosema kwamba Mungu hatumikiwi kwa malipo. Hoja hiyo ina uzito, ila ingekuwa na uzito zaidi kama mwenye spika, mpiga picha wa video na mwenye chaneli ya YouTube inayoirusha ibada hiyo nao wangekuwa wakitumika bure.

Dodoma ya sasa si ile ya Chambers wala ya Mtemi Mazengo. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, watu wamemiminika. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa kuwa na zaidi ya watu milioni tatu, kutoka takribani milioni mbili mwaka 2012. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inawaleta kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Wanakuja na makanisa yao, kwaya zao na vipaza sauti vyao, na Baraza la Mazingira (NEMC) limekuwa likiwaonya wenye baa na wenye nyumba za ibada kwa kanuni zile zile za kelele. Mtoto wa Kigogo anayekulia Nkuhungu au Ipagala leo huenda akaijua injili ya Lagos na Johannesburg kabla ya kuisikia muheme.

Katika hali hiyo makanisa ya nyanda za kati yana kazi iliyo wazi zaidi kuliko kuhesabu hatua za wachezaji. Kwaya nyingi zina katiba, lakini ni chache zinazoeleza wimbo ni wa nani pale mwalimu aliyeutunga anapohama, au mkataba wa mwanakwaya anayekwenda kurekodi peke yake utasomwa na nani kabla hajautia saini. Dayosisi na majimbo yana wanasheria wa kutetea viwanja na mashamba yao. Wanasheria hao hao wangeweza kukaa na walimu wa kwaya siku moja kwa mwaka, na kina mama wenye ngoma wakaalikwa, si kuburudisha wageni wakati wa chakula cha mchana, bali kuketi mezani.